Makaa Niliyompikia Wifi Yangu

Alhamisi, tarehe 6 Novemba. Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla ya saa tatu, kisha jua likatoka kali la kuchoma mgongo. Leo ni arobaini ya wifi yangu.

Nimekosa, jamani. Nalitanguliza hilo ili asiwepo wa kusema nimekuja hapa kujitetea. Wifi yangu alishinda na njaa huku sahani zangu zikiingia mlangoni mwake kila siku. Aliyezipeleka ni mimi. Sasa yeye yuko kaburini na mimi nimebaki na sahani.

Jina langu siliandiki. Lake pia siliandiki, maana marehemu hawezi kunijibu, na si haki kumtaja mtu asiyeweza kujibu. Binti yangu nitamwita Kadzo, na jirani yetu nitamwita Bi Mwanakombo. Hayo si majina yao.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, nimesoma mpaka darasa la saba, naishi bara ya Msambweni, mbali kidogo na barabara ya lami. Nina daftari ambalo huandika kila jioni: hali ya hewa, nani alikuja, tulikula nini. Haya nimeyatoa humo. Mengine hata daftari nililificha, nayatoa leo.

Nianze na ugomvi wenyewe, niueleze kwa haki.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Aliolewa na Mdigo wa pwani, akasilimu, akaishi huko miaka mingi. Sisi huku tulibaki, wengine wa kanisani, wengine wa mila, na tulikuwa tukizikana na kuozana bila neno. Dini haikuwa ugomvi wetu. Nisiisingizie dini.

Ugomvi ulikuwa mama mkwe. Mama mkwe alipofariki, wifi alisimama kwenye matanga, mbele ya watu, akasema, "Mama yangu amekufa akililia uji, na mwenye ufunguo wa jikoni yumo humu humu." Watu wote wakanigeukia mimi!

Ulikuwa uongo. Niliapa ni uongo na nikaapa tena. Lakini leo nasema kweli yote: siku ile mama alipokufa, uji alikuwa ameupata. Siku nyingine nilichelewa. Siku moja nilichelewa mpaka adhuhuri kwa sababu alikuwa amenitukana asubuhi. Kwa hiyo wifi alikosea siku, lakini hakukosea mtu.

Hilo sikumwambia kamwe. Miaka mitatu tulipishana njiani kama kuku na kanga. Yeye anatazama mashamba, mimi natazama miguu.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, alirudi kwetu. Mumewe alikwisha kufa, nyumba ikachukuliwa na ndugu wa mume, na yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kisichofunga. Mume wangu ni askari wa geti katika hoteli moja Diani, hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alimleta dada yake, akamweka katika nyumba ya mama, hatua kama sitini kutoka jikoni kwangu. Akaniambia, "Mama Kadzo, mpikie dada yangu. Sina mwingine wa kumwomba."

Nikasema ndiyo kwa mdomo. Moyoni nikasema atakula mawe.

Wiki mbili za kwanza alilishwa na Bi Mwanakombo, jirani yetu, rafiki yake wa tangu usichana. Uji asubuhi, wari, yaani sima, jioni. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa jikoni.

Ndipo ikaja ile Jumapili.

Mchungaji wetu alihubiri kutoka Mithali, sura ya ishirini na tano. Wanaosoma Biblia wanajua ule mstari unaoagiza adui yako alishwe na anyweshwe, kisha unamalizia na makaa ya moto kichwani mwake, na thawabu kwako kutoka kwa Mungu. Mtume Paulo naye aliurudia kwa Warumi. Mchungaji alisema ni maneno ya Sulemani, yaliyonakiliwa na watu wa mfalme Hezekia baada ya miaka mingi, kwa hiyo ni ya kale mno.

Loo! Nilikaa wima kwenye benchi. Miaka mitatu nilikuwa nikimwomba Mungu anilipizie, kumbe njia ilikuwa imeandikwa! Nimpikie tu, na kila sahani iwe kaa moja la moto juu ya utosi wake, na mimi nipewe thawabu juu!

Nimtendee haki mchungaji. Alisema pia kwamba adui akiona wema ataona haya, atageuka, na mwisho mtakula sahani moja. Alilisema hilo, nalikumbuka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufika kwenye makaa, sikuendelea naye.

Baada ya ibada, akina mama tulikaa nje tukipanga zamu za usafi. Nikawaambia, "Mimi nimepata kazi. Kuanzia leo namtia wifi yangu makaa kichwani."

Mama mmoja, mcheshi wetu pale, akapiga makofi. "Mpikie, dada! Mtilie na nazi, makaa yashike vizuri!"

"Na pilipili usisahau!" akadakia mwingine.

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mungu wangu, tulicheka! Wala siwalaumu. Wao walikuwa wakifanya mzaha. Aliyekuwa hafanyi mzaha ni mimi peke yangu.

Jioni ile nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilipanga kwenye sahani ya maua, ile ya wageni, nikafunika kwa kawa, nikabeba kichwani nikavuka uwanja kwa madaha.

"Hodi, wifi!"

"Karibu." Alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa kitambaa. Aliponiona alishtuka, kisha uso ukalegea. Kweli ulilegea. Nilidhani ni haya zimeanza kumshika.

"Nimekuletea chakula."

Akafunua kawa, akanusa. "Umepika, mke wa kaka. Umepika hasa." Kisha akanisogezea sahani. "Haya, onja basi."

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Huku, mtu mliyekosana naye akikuletea chakula, au hata tembo la mnazi, yeye ndiye huonja wa kwanza, mbele yako. Kijiko kimoja tu. Wazee waliita kutoa utsai, yaani kuondoa uchawi. Hata vijana wasioamini uchawi huonja, maana ndiyo njia ya kusema: kilichopita kimepita, na humu hamna kitu. Asiyeonja hajasema hivyo. Na asiyeonja, chakula chake hakiliwi. Hakuna anayefundishwa, unakua unajua.

Nami nilijua. Nilizaliwa humo.

Nikasema, "Mimi nimeokoka, wifi. Mambo hayo ya utsai nimeyaacha."

"Kijiko kimoja tu, mke wa kaka."

"Wewe kula. Mungu anakuona."

Nikatoka. Jamani, nilitoka nikiimba!

Mchungaji hakuwahi kutukataza kuonja. Hilo nililitunga mwenyewe pale pale mlangoni. Ukweli ni kwamba sikutaka kusema yamepita. Kama yamepita, makaa yatachoma nini?

Asubuhi nilikwenda kuchukua sahani nikaikuta tupu, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya kinu. Nikaandika kwenye daftari: "Wifi amekula. Kaa la kwanza."

Ndivyo nilivyoandika. Naliona sasa hivi, kwa kalamu ya bluu.

Basi nikaendelea kila siku. Muhogo wa nazi, kunde, samaki mkavu, ng'onda, wa kukaanga, wari na kisamvu. Sikumpa makombo hata siku moja, hilo Mungu anajua. Nilimpikia kuliko nilivyompikia mama yake. Na kila siku sahani ilirudi tupu, safi. Naye kila siku ya wiki ya kwanza alisema, "Onja, mke wa kaka," na kila siku nilijibu nimeokoka. Wiki ya pili akaacha kusema. Akawa anasema tu, "Asante, weka hapo."

Nikaona anapungua. Mifupa ya shingo ikatokeza. Alikuwa ananitazama na kuinamisha macho.

Nikadhani ndiyo yale makaa. Nikadhani aibu inamla! Nilikuwa nikirudi jikoni natetemeka kwa furaha na woga pamoja, kama mtu aliyeona ombi lake limejibiwa upesi mno.

Lakini kidogo moyo haukutulia. Mimi ni mtu wa wasiwasi, hata mlango nikiufunga narudi kuutazama. Nikataka kujua makaa hayo ni nini hasa, na je, yanaweza kuua?

Biblia yetu ya zamani, ya Kiswahili kigumu, inataja makaa tu, haielezi. Nikaazima ya mwalimu wa watoto wa kanisani, ya Kiswahili chepesi. Ile haina shida: inazungumzia aibu, kwamba adui ataona aibu kali. Nikafurahi. Lakini nikajiuliza, makaa yamekwenda wapi? Nani aliyaondoa? Na kama Sulemani alitaka kusema aibu, mbona hakusema aibu?

Kadzo anasoma chuo Kwale, hurudi Ijumaa. Ana Biblia ya Kiingereza yenye maelezo madogo madogo chini ya ukurasa. Nikamwambia anisomee.

Akasoma kimya, akakunja uso. "Mama, hapa wanasema hawana hakika."

"Hawana hakika vipi, na wameandika Biblia?"

"Hawa hawakuandika Biblia, mama. Wameandika maelezo. Wanasema wengine huona ni aibu. Wengine huona ni hukumu ya Mungu. Na wengine wanasema Misri ya zamani, mtu aliyekosa na anayetaka kutubu alibeba chombo cha makaa kichwani, watu wamwone."

"Kwa hiyo aliyekosa ndiye anayebeba?"

"Ndivyo wanavyodhani. Wanasema 'labda'."

"Basi ni sawasawa. Yeye ndiye aliyenikosea."

Kadzo akafunga kitabu. "Mama, kwani wewe unatafuta maana, au unatafuta ruhusa?"

Nilimfokea. Nilimwambia chuo kimempa mdomo. Nikachagua hukumu, kwa sababu hukumu ndiyo niliyoitaka, na kwenye daftari nikaandika, "Waliosoma wamesema ni hukumu." Sikuandika wale wengine. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwenye daftari.

Kuna jambo jingine nililiona nisilione. Mbwa wetu. Kwa desturi alikuwa akilala mlangoni pa jikoni akingoja ukoko. Mwezi wa Agosti akaacha kuja. Akawa analala nyuma ya nyumba ya mama. Na akanenepa! Mume wangu aliporudi akasema kwa kicheko, "Huyu siku hizi anakula hotelini kuliko mimi?" Nami nikacheka. Nikasema labda anakamata panya.

Katikati ya Septemba Bi Mwanakombo alisafiri. Binti yake ameolewa kule Mkwiro, na alikuwa karibu kujifungua. Kabla hajaondoka alipita kwangu. Hakuketi.

"Mama Kadzo, shoga yangu namwacha mikononi mwako. Nitakaa wiki tatu."

"Usiwe na shaka. Nampikia kila siku."

"Kupika unapika, naona moshi." Kisha akashusha sauti. "Mwonjee. Tafadhali. Hata kama huamini. Mwonjee tu."

"Bi Mwanakombo, mimi na imani yangu."

"Kwani imani yako ina mdomo mdogo kiasi gani, usitoshe kijiko?"

Akaenda zake. Nilikasirika siku nzima. Laiti kasirani ingekuwa kuni, ningepikia kijiji!

Alikaribia kuniambia wazi, lakini hakusema kwamba wifi yangu alikuwa akiishi kwa uji wake yeye, Bi Mwanakombo, na uji huo ulikuwa unaondoka naye. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akajibu kwamba wifi alimwapisha. Simlaumu. Kiapo ni kiapo.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Bi Mwanakombo aondoke. Asubuhi nilikwenda kuchukua sahani. Haikuwa juu ya kinu. Nilipiga hodi, kimya. Nikasukuma mlango.

Wifi alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango. Jasho jingi, mwili baridi, macho yamefumbuliwa lakini hayaoni. Sahani yangu ya jana ilikuwa mezani, wali umekauka, kawa liko kando. Hakuweza kufika nyuma ya nyumba kuumwaga.

Nilipiga yowe. Majirani wakaja, tukapata pikipiki kwanza, kisha gari la mwalimu, tukamfikisha hospitali. Walimpima, wakasema sukari imeshuka mno, wakamtundikia chupa. Daktari, kijana mpole, akanigeukia.

"Mama, dawa za sukari amemeza?"

"Humeza kila siku. Aliambiwa asikose."

"Na jana alikula nini?"

Nikajibu kama mtoto anayejua somo: "Wali wa nazi, daktari. Na kunde. Juzi muhogo na samaki. Nimeandika yote."

Akatikisa kichwa. "Huyu hajala, mama. Huyu hajala kwa siku nyingi."

Nilisimama pale. Nikaona sahani safi. Nikaona mbwa. Yote yalinijia kwa mpigo, moja juu ya jingine.

Adhuhuri alifumbua macho, akanitambua. Mume wangu alikuwa bado njiani kutoka Diani. Tulikuwa wawili tu, na mgonjwa mwingine aliyelala.

"Wifi," nikasema. "Kwa nini hukula?"

Midomo ilikuwa imepasuka. "Hukuonja."

"Hamkuwa na kitu! Wallahi… naapa kwa Mungu, hamkuwa na kitu humo!"

"Nitajuaje, mke wa kaka? Umekataa kijiko kimoja siku zote hizo. Mtu anayekataa kijiko kimoja, anakataa nini?"

Nikarukia jingine.

"Ungemwambia kaka yako!"

"Nimwambie nini? Kwamba simwamini mkewe? Angekufukuza. Na watu wangekuita jina baya, na jina hilo huku linaua, unajua." Akapumua. "Alipopiga simu nikamwambia nakula vizuri. Nikasema unapika vizuri. Hilo si uongo. Nilikuwa nanusa."

Nilikuwa! Nanusa! Jamani, niliinama nikauma kanga yangu nisilie kwa sauti.

Kisha akaniuliza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Yale makaa uliyowaambia wenzako kanisani. Yalikuwa nini? Niliyasikia siku ile ile."

Nikamweleza mstari. Nilimweleza vibaya, aibu na hukumu na Wamisri, vyote pamoja. Akasikiliza macho yamefungwa.

"Ajabu," akasema. "Mimi nilidhani kingine. Zamani moto ukizima kwetu, mama alikuwa ananituma kwa jirani kuomba. Ninaweka kata ya majani kichwani, juu yake kigae chenye makaa, narudi nacho mbio kabla hayajazimika. Nilikuwa napenda kutumwa, kwa sababu nikifika tu, nyumba inapikwa. Nikamwambia Mwanakombo, basi anataka kunipa moto tupike tena. Ndiyo maana uliponiletea chakula nilifurahi. Ndiyo maana nikakwambia uonje."

Nilishika mkono wake. Hakuutoa. Nikataka kumwambia habari ya uji wa mama, kwamba siku nyingine nilichelewa kwa makusudi. Maneno yalifika kooni. Ndipo mume wangu akaingia, amevaa sare ya kazi, kofia mkononi, nami nikayameza.

Aliishi siku nne nyingine. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani, homa ikapanda, mwili haukuwa na nguvu ya kupigana. Daktari alisema mguu ule ungeweza kumuua hata angekuwa amenenepa. Nayaandika maneno yake kwa sababu aliyasema, si kwa sababu yananifariji. Alisema pia kwamba mtu aliyeshiba hupigana. Yote mawili aliyasema.

Alizikwa kwa Kiislamu, jua lilipokuwa linaanza kuinama. Bi Mwanakombo aliwahi kurudi, alifika na vumbi la safari, akapita mbele yangu kama mlango uliofungwa.

Niliwaambia wote. Mume wangu kwanza, kisha akina mama wa kanisani, kisha Bi Mwanakombo. Niliwaonyesha daftari, penye "Kaa la kwanza". Mama yule mcheshi alilia akasema, "Na mimi nilisema utie nazi." Nikamwambia hapana, la kwako lilikuwa mzaha, usilichukue langu.

Nikaenda kwa mchungaji na Biblia tatu ndani ya mfuko. Nikamwambia, "Niambie, baba, maana ya mstari huu ni ipi? Aibu, hukumu, toba, au moto wa kupikia?"

Akazifungua zote tatu, akausoma mstari katika kila moja. "Mama, sijui. Nimeuhubiri mara nyingi na sijui. Wakubwa zangu nao hawakubaliani." Akafunga moja moja. "Lakini nusu ya kwanza wote wameiandika sawa. Hiyo haina ubishi. Mlishe. Wewe ulimlisha?"

"Nilimpelekea chakula kila siku."

"Sikukuuliza hivyo."

Tangu siku hiyo sijauliza tena. Wasomi waendelee, wao wana elimu yao. Mimi najua tu kwamba katika maana zote nilizosomewa, nilichukua ile iliyofanana na roho yangu, nikaipa jina la Mungu.

Wewe unayesoma haya, kama kuna mtu umekosana naye na umepata mstari unaokuunga mkono, simama kwanza. Uusome tena ukiwa umeshiba na hasira imelala. Mwulize mtu asiyekupenda sana akwambie anausomaje. Na ukimpelekea mtu chakula, onja! Onja mbele yake! Usiniambie umeokoka. Kijiko kimoja hakikutoi imani. Ulichokifungia moyoni ndicho kitakachopelekwa kwenye sahani, na mwenzako atakinusa kabla hujaweka chini.

Na ya kusema, yaseme angali anasikia. Mimi ya uji nilimwambia leo, udongoni, mvua ilipokatika. Hakuna aliyenijibu ila kunguru.

Mchana arobaini ilisomwa uwanjani kwetu. Nilipika sufuria kubwa ya wali, nikaileta mwenyewe, nikapakua kijiko mbele ya wanawake wote, nikala. Walinitazama kwa adabu. Bi Mwanakombo akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe, weka hapo." Wakala cha masufuria mengine. Yangu ilirudi imejaa. Siwalaumu. Na mimi ningefanya hivyo.

Mume wangu hajanifukuza. Analala nyumbani kila arudipo, ananijulia hali, ananiambia mvua imeshuka vizuri. Hajanitukana hata mara moja.

Jioni mimi na Kadzo, aliyeomba ruhusa chuoni kwa ajili ya arobaini, tulikula wari na mboga ya mchunga, mchungu kama ulivyo. Nilionja kijiko cha kwanza mbele ya mume wangu, nikamsogezea sahani. Alishukuru. Kisha akachukua muhogo mmoja kutoka kwenye kikapu, akaumenya kwa kisu chake mwenyewe, akauchoma kwenye makaa yangu, akaula peke yake kizingitini.